Maji ya Mashindano

Mashindano ya nchi kavu yana uwanja, lakini mashindano ya majini hayana. Uwanja wa mpira hupimwa kwa kamba na kuchorwa kwa chokaa. Mchezaji aliyezoea uwanja wa Mombasa hapotei katika uwanja wa Kisumu. Maji hayakubali kamba wala chokaa. Maji ya asubuhi si maji ya jioni, maji ya bamvua si maji mafu, na maji ya mto si maji ya bahari. Kwa sababu hiyo mtu ashindanaye majini ana washindani wawili: mmoja ni mwenziwe aliye ubavuni pake, na wa pili ni mahali penyewe. Mwenziwe huweza kuchoka, mahali hapachoki.

Katika insha hii nataka kulinganisha mahali kadhaa duniani panapofanyiwa mbio za ubao wa kafi. Vijana wengi wa leo waujua mchezo huu kwa macho, maana hauna ugeni tena katika Diani, Watamu na Kilifi. Mchezaji husimama juu ya ubao mrefu, akashika kafi lenye mpini uliopita kimo chake, akayapiga maji mara upande wa kuume, mara upande wa kushoto. Ubao wa mashindano aghalabu una urefu wa futi 14, yaani zaidi kidogo ya mita 4, na upana wa sentimita 60 hivi. Chini yake, upande wa tezi, pana pezi linalouzuia usigeuke ovyo. Mtu anayeutazama mchezo kutoka pwani hudhani kuwa kazi yote ni ya mikono. Aliye juu ya ubao anajua kwamba nyayo, magoti, kiuno na macho havipumziki hata wakati mikono imetulia.

Mchezo huu kwa sura yake ya sasa ulitoka katika visiwa vya Hawaii, ambako katikati ya karne ya 20 baadhi ya watu wa Waikiki walisimama juu ya mbao zao za mawimbini wakiwa wameshika makafi. Ulienea duniani baada ya mwaka 2000. Lakini kusimama juu ya chombo chembamba na kukiendesha si elimu ya taifa moja. Mvuvi wetu husimama katika mtumbwi, akausukuma kwa upondo juu ya maji ya magoti, na mtumbwi hauyumbi. Mimi nililelewa katika mtumbwi wa namna hiyo, na siku nilipopanda ubao wa kafi kwa mara ya kwanza katika hori ya Kilifi, nyayo zangu ziliitambua kazi kabla ya akili yangu.

Sababu iliyonifanya niyapime mashindano haya kwa makini ni ya nyumbani. Mpwa wangu ni mwalimu wa ubao wa kafi katika pwani ya Diani. Huwafundisha wageni kusimama, kuanguka na kupanda tena. Kwa muda wa miaka mitatu alijiwekea akiba, na akiba hiyo ilitosha safari moja tu ya ng'ambo. Alinijia jioni moja na orodha ya mashindano. Baada ya kuniamkia alisema: "Mjomba, nimekuja unichagulie. Nataka kwenda mahali penye sifa kuliko pote, nikirudi watu wajue nilikuwa wapi." Mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele. Hakuinua uso. Alisema: "Kaka, mchagulie upendavyo, lakini nijibu swali moja. Mwanangu akianguka, nani atamwona?"

Swali hilo si geni katika nyumba yetu. Kaka yetu mkubwa alikuwa mvuvi. Alitoka alfajiri moja ya kusi, akavuka mwamba peke yake, na hakuna aliyemwona tena. Ngalawa yake iliokotwa siku ya tatu ikiwa nzima, na tanga lake limekunjwa vizuri. Bahari haikuwa imechafuka siku hiyo. Wazee wa mtaa walikata shauri kwamba aliteleza tu, jambo dogo linaloweza kumpata kila mvuvi, ila hapakuwapo mtu wa kuliona.

Basi nilichukua orodha ya kijana na swali la mama yake, nikaviweka pamoja. Nilisoma maandishi, nilifungua ramani, nilitazama picha za mashindano, na kwa kila mahali niliuliza maswali matatu. Maji ya hapa yanafanya nini? Yanamtaka mtu awe na nini? Na akianguka, nani atamwona?

Mahali pa kwanza katika orodha palikuwa mlango wa bahari wa Kaiwi, baina ya visiwa vya Molokai na Oahu huko Hawaii. Mbio za kuuvuka kwa mbao zilianza mwaka 1997, kwanza kwa watu wapigao maji kwa mikono wakiwa wamelala au wamepiga magoti, kisha wakaingia watu wa kafi. Kwa desturi hufanywa mwezi wa Julai. Njia yake ni maili 32, yaani kilomita 51 hivi, na chini ya mshindani pana kina cha mita mia saba kwa makadirio. Pepo za biashara huvuma kutoka kaskazini mashariki, zikaviringisha mawimbi mazito kuelekea upande ule ule waendao washindani.

Hapo ndipo penye siri ya bahari ya wazi. Mshindani hashindi kwa kupiga kafi bila kukoma. Hulingoja wimbi, akapiga mapigo matatu au manne ya nguvu pale tezi ya ubao inapoinuliwa, ubao ukashuka katika mteremko wa maji, naye akapumzika huku anakwenda kasi. Kisha hutazama mbele kutafuta bonde jingine. Mwenye misuli asiyejua kusoma mawimbi huachwa nyuma na mwembamba ayasomaye. Karibu na Oahu mambo hugeuka: mawimbi yaliyopiga majabali hurudi na kugongana na yanayokuja, upepo hukata ubavuni, na mtu aliyeimaliza nguvu yake katikati ya mlango huiona nchi kwa muda mrefu asiifikie. Hodari huvuka kwa saa nne na kitu. Wengine huhitaji saa sita au zaidi.

Nani atamwona? Sheria ya mbio hizo humtaka kila mshindani asindikizwe na mashua. Watu wa Hawaii hawakuhitaji kufundishwa maana ya sheria hiyo. Mwezi wa Machi mwaka 1978 chombo Hōkūleʻa, kilichoundwa kwa mfano wa vyombo vya kale vya Polinesia, kilipinduliwa na dhoruba katika maji ya jirani usiku baada ya kutoka Honolulu. Eddie Aikau, mwokoaji mashuhuri wa pwani ya Waimea, alichukua ubao wake akapiga maji kwenda kutafuta msaada. Hakuonekana tena. Wenzake waliobaki wameshikilia chombo kilichopinduka waliokolewa baadaye, kwa kuwa watu wa ndege iliyopita waliziona fataki zao za dharura. Aliyekuwa hodari kuliko wote hakuonwa. Waliobaki pamoja walionwa. Bahari haishi zinge, wasema wazee, na zinge halichagui fundi.

Kwa hiyo Kaiwi ni mahali pa heshima, na mshindani wa Kaiwi hayuko peke yake. Lakini mashua ya kusindikiza ina gharama yake, juu ya nauli na viza. Akiba ya mpwa wangu ingeishia hapo kabla hajalowa maji.

Mahali pa pili palikuwa mto Columbia, katika bonde lake lenye magenge linaloyatenga majimbo ya Oregon na Washington huko Marekani. Mji wa Hood River ndio makao ya wapiga kafi wa huko. Wakati wa kiangazi hewa ya magharibi, iliyo karibu na bahari, huwa baridi, na nchi kavu ya mashariki huwa na joto kali. Hewa ya joto hupanda, hewa ya baridi huvutwa kuijaza nafasi yake, na njia iliyo rahisi ya kupenya milima ni bonde hilo la mto. Hivyo upepo huvuma kuupanda mto, nayo maji huushuka. Viwili hivyo vikikutana, mawimbi husimama wima, mafupi na ya karibu karibu. Watu huingia majini mahali paitwapo Viento, wakasukumwa na upepo kilomita 13 hivi mpaka Hood River. Neno hilo kwa Kihispania lina maana ya upepo, na mgeni hudhani kwamba jina lilitolewa na mabaharia. Kumbe liliundwa kwa herufi za mwanzo za majina ya watu watatu wa reli, Villard, Endicott na Tolman.

Maji hayo humtaka mtu awe na miguu myepesi na shauri la haraka. Katika Kaiwi wimbi humpa mtu nafasi ya kufikiri. Katika Columbia wimbi lililokukosa limekwisha pita, na jingine liko kisiginoni. Kwa upande wa kuonwa, reli na barabara kuu hufuata ukingo, na nchi kavu haiko mbali. Walakini mto huo ni njia ya matishari mazito ya mizigo, ambayo hayawezi kusimama upesi, na ubao uliomtoka mtu huchukuliwa na upepo kwa mwendo asioufikia mwogeleaji. Kwa hiyo kamba inayomfunga mtu na ubao wake si pambo.

Mahali pa tatu palikuwa pwani ya California, na hapo nilimwonyesha kijana mfano wa Dana Point. Mwaka 2008 yalianzishwa huko mashindano yaliyoitwa Battle of the Paddle, yakaendelea mpaka mwaka 2014, na ijapokuwa yamekwisha, mtindo wake umeigwa mahali pengi. Washindani walitoka mchangani kwa pamoja, wakayapenya mawimbi yavunjikayo, wakazunguka maboya, wakarudi na wimbi, wakaruka na kukimbia kwa miguu mchangani, kisha wakaingia majini tena. Mbio za namna hii hazina uhaba wa macho; pwani nzima hutazama. Hatari yake ni msongamano, maana ubao wa mwenzio huweza kukuumiza kuliko maji. Humfaa mwenye ujasiri na mwili wa haraka. Lakini huiadhibu bahati mbaya kuliko uvivu: wimbi moja likikuvunjikia, kazi ya nusu saa imekwenda.

Mahali pa nne ni kinyume cha pwani hiyo yenye kelele. Ni mto Yukon, kaskazini ya Kanada. Mbio ziitwazo Yukon River Quest zilianza mwaka 1999. Hutoka mji wa Whitehorse kwenda Dawson, umbali wa kilomita 715 hivi, mwishoni mwa mwezi wa Juni, wakati ambapo usiku wa huko hauwi giza. Zilikuwa mbio za mitumbwi, na mbao za kusimama ziliruhusiwa mwaka 2016. Mto humbeba mtu, lakini ziwa Laberge, lililo mapema katika njia, halimbebi hata kidogo. Hapo humbidi kulipa kwa mikono yake. Baada ya hapo mshindani mkubwa ni usingizi. Sheria huweka mapumziko ya lazima na vituo vya kuwahesabu watu, na kila mmoja hubeba vifaa vya kujihifadhi, kwa kuwa maji ni ya baridi kali, na baina ya kituo na kituo pana misitu mitupu. Jibu la Yukon kwa swali la dada yangu ni hili: ataonwa, lakini huenda si upesi. Mahali hapo pana utukufu wake, bali si mahali pa mtu asiyepata kulala nje penye baridi.

Mahali pa tano kijana alipaandika mwisho kabisa, kwa herufi ndogo. Palikuwa jimbo la Friesland, kaskazini ya Uholanzi. Nchi yake ni tambarare, imekatwa kwa mifereji na maziwa, na ndani yake imo miji 11 ya kale. Tangu mwaka 1909 watu wa huko walikuwa na mbio kubwa za kuteleza juu ya barafu, ziitwazo Elfstedentocht, kwa njia ya kilomita 200 hivi iipitiayo miji yote 11 katika siku moja. Mbio hizo haziruhusiwi mpaka barafu ifikie unene wa sentimita 15. Mara ya mwisho kufanywa ilikuwa tarehe 4 Januari 1997. Tangu siku hiyo watoto wamezaliwa, wamekua na wamezaa watoto wao, na barafu ya kutosha njia nzima haijaja. Maana dunia imeongezeka joto, na majira ya baridi ya huko yamepungua ukali.

Mwaka 2009 wapiga kafi waliifuata njia ile ile juu ya maji yaliyo wazi. Wao huimaliza kwa siku tano, mwezi wa Septemba, kilomita 220 hivi kwa jumla. Hutoka Leeuwarden, wakaipita miji kama Sloten, Stavoren, Hindeloopen, Harlingen na Dokkum, wakarudi walikotoka. Hivyo mchezo uliozaliwa katika bahari ya joto umekuja kuihifadhi njia ya mchezo uliokosa baridi.

Maji ya Friesland hayana wimbi la kumsukuma mtu wala mkondo wa kumbeba. Kila hatua hununuliwa kwa pigo la kafi. Upepo ukija mbele, hapana kilima wala mwitu wa kuuzuia. Mfereji ukiwa na kina kidogo, ubao huwa mzito kama uliofungwa jiwe, maana maji unayoyasukuma hukosa nafasi ya kupita chini yake, yakajikusanya na kuurudisha nyuma. Mjuzi hutafuta penye kina. Hutafuta pia mgongo wa mwenziwe, kwa kuwa ubao unaofuata karibu nyuma ya mwingine hulipanda wimbi dogo unaloliacha, ukaenda kwa nguvu pungufu. Hapo huja jambo lisilo na kazi kubwa katika bahari ya wazi, nalo ni adabu ya zamu. Mtu akifuata migongo ya watu siku nzima bila kushika nafasi ya mbele, habari zake hufika mjini kabla yake. Madaraja mengine ni ya chini hata mshindani hupiga magoti au kulala juu ya ubao ili apite. Siku ya kwanza hushindana mikono. Siku ya tatu hushindana malengelenge na subira.

Na akianguka, nani atamwona? Mkulima aliye kondeni atamwona, mtu apitaye na baiskeli atamwona, na watu wasimamao madarajani watamwona. Ukingo hauko mbali. Katika mahali pote nilipopima, hapakuwa na pengine ambapo jibu lilikuwa jepesi hivyo.

Palikuwa na mahali pengine katika orodha, ila nitapita upesi. Mto Seine, katikati ya Paris, umepata kubeba mamia ya wapiga kafi katika baridi ya Desemba, wakipita chini ya madaraja ya mji na mbele ya mnara wa Eiffel. Ni mandhari yasiyo na mfano, lakini ni safari ya macho kuliko kipimo cha mtu. Ubingwa wa dunia nao hauna makao. Chama cha dunia cha wateleza mawimbini kiliufanya mara ya kwanza mwaka 2012 nchini Peru, kikaupeleka Fiji mwaka 2016, Denmark mwaka 2017 na China mwaka 2018. Chama cha dunia cha mitumbwi nacho kilifanya ubingwa wake katika Qingdao mwaka 2019, Hungaria mwaka 2021 na Poland mwaka 2022. Vyama hivyo viwili viligombania mchezo mpaka katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ambayo mwezi wa Agosti mwaka 2020 iliamua kwamba kwa mambo ya Olimpiki mchezo huu uwe chini ya chama cha wateleza mawimbini. Mtu aweza kudhani kuwa huo ni ugomvi wa vyeo tu. Lakini bingwa wa ziwa tulivu na bingwa wa pwani ya mawimbi huweza kuwa watu wawili, na achaguaye maji amekwisha kuchagua nusu ya mshindi.

Je, sisi wenyewe hatuna maji? Tunayo, na yanastahili kupimwa kwa maswali yale yale. Mwamba wa matumbawe hukinga pwani ya Diani na Watamu, ukaacha ndani yake maji matulivu kama ya bakuli. Lakini wakati wa bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Palipokuwa njia ya mbao asubuhi, adhuhuri ni mwamba na fungu la mchanga. Mashindano ya huko hayana budi kupangwa kwa kufuata mwezi wa mbinguni, si kwa kufuata kalenda ya ukutani tu. Ziwa Victoria lina upana wa bahari, na tufani zake huzuka ghafula. Wavuvi wake wanajua. Naivasha lina viboko, ambao hawasomi kanuni za mashindano. Katika mlango wa Lamu majahazi yamekuwa yakishindana kwa matanga miaka mingi, na watu wote wa mji hujipanga ukingoni kutazama. Mtu akianguka hapo, si kwamba ataonwa tu. Atachekwa mpaka mwaka ujao. Kama pana mahali katika nchi yetu ambapo mbio kubwa za kafi zingestahili kukaribishwa, mimi ningeanza kupafikiria hapo.

Baada ya kuyapima yote nilimwita mpwa wangu mbele ya mama yake, nikamwambia, "Nenda Friesland."

Alinyamaza kidogo. "Mjomba," akasema, "huko hakuna wimbi hata moja."

Nilimjibu: "Mawimbi unayo nyumbani, na unayajua. Usichokuwa nacho ni siku tano za kupiga kafi pasipo kitu cha kukusaidia. Ukishindwa Kaiwi utasema upepo ulikuwa mbaya. Ukishindwa Friesland utajua ni wapi hasa uliposhindwa, na elimu hiyo utakuja nayo Diani."

Dada yangu aliomba ramani. Aliweka kidole juu ya mfereji, akaufuata kutoka mji hadi mji, akiyahesabu madaraja kwa sauti ndogo. Alipofika madaraja ya kutosha kwa hesabu yake mwenyewe alikunja ramani akasema, "Haya, na aende." Kijana hakufurahi siku ile, maana sifa aliyoitamani ilikuwa ya kisiwa chenye mawimbi, lakini aliandikisha jina lake, na tangu hapo amekuwa akipiga kafi kila alfajiri kando ya pwani, akienda dhidi ya upepo kwa hiari yake.

Msomaji kijana, huenda hutapanda ubao wa kafi maishani mwako. Walakini utachagua mahali pa kusomea, mahali pa kufanyia kazi na mahali pa kuishi, na utaletewa orodha ya sehemu zenye sifa. Sifa ya mahali ni mali ya mahali. Haiingii katika mzigo wa msafiri. Kinachorudi naye nyumbani ni kile alichofunzwa na maji aliyoyapita. Kwa hiyo uliza kwanza mahali hapo panafanya nini, kisha panakutaka uwe na nini. Na swali la tatu usilionee haya, hata kama wenzako wataliita swali la woga. Watu wa Kaiwi, ambao hawashitakiwi kwa woga, wameliandika katika sheria zao, na kila mshindani wao huvuka akiwa na mashua karibu naye.